Mikono ya Mama Gwamaka

Tone moja la maji ya ubongo liliingia kwenye Mfumaji saa mbili asubuhi. Kabla chai ya Tumpe Mwaisaka haijapoa, mtambo ulikuwa umekwisha kumsoma kila bakteria aliyekuwamo, ukamjua mama yake, bibi yake na bibi wa bibi yake, kama mtu anayetaja ukoo wa marehemu msibani.

Baada ya kusoma ukoo, Mfumaji hufuma mlaji: virusi mdogo asiyegusa chembe za binadamu, anayekula bakteria wa ukoo huo peke yake. Dawa za zamani zilikuwa zimeshindwa na bakteria miaka arobaini nyuma. Katika Mbeya ya mwaka 2097, watu walitegemea walaji kama babu zao walivyotegemea vidonge.

Tumpe, mhandisi wa viumbe mwenye miaka ishirini na sita, alisubiri mlaji wa kumtibu mtoto Bupe. Badala yake kioo kiliandika: *Mlaji hafumiki. Bakteria wamejifunika utando. Anahitajika mzazi wao akiwa hai, asiye na utando. Alipo, kwa kumbukumbu za wodi: mikononi mwa mhudumu wa kujitolea, wodi ya pili.*

Wodi ya pili ilikuwa na mhudumu wa kujitolea mmoja tu.

Bupe alikuwa na miezi kumi na minne. Alizaliwa na kichwa maji, akapitishiwa mrija mwembamba chini ya ngozi, kutoka kichwani hadi tumboni, uyashushe maji yaliyokuwa yakiubana ubongo. Bakteria wakauvamia mrija. Ulitolewa, maji yakawa yanaingia kwenye mfuko wa nje, na mrija mpya usingeweza kuwekwa mpaka maji yawe safi.

"Zikipita siku mbili hivi hivi," daktari wa upasuaji alimwambia Tumpe, "tutakuwa tunamtibu mtoto asiyejua jina lake."

Huko wodini, roboti zilipiga deki, zilipima joto na kubadilisha shuka. Kubembeleza hazikuweza. Kazi hiyo ilikuwa ya Mama Gwamaka. Mwanawe alifia humo miaka sita nyuma kwa mrija ulioshambuliwa na bakteria. Alimzika Jumamosi, na Jumatatu alirudi wodini na kopo la mafuta ya parachichi kutoka Rungwe. Tangu hapo, kila asubuhi aliwapaka watoto utosini, kama watoto wa kwao wanavyopakwa ili utosi ufunge vizuri. Hakuna aliyemkataza. Watoto walinyamaza akiwashika, na wauguzi walipata nafasi ya kupumua.

Tumpe alipanga kuchukua sampuli za mikono ya watu wote, ili mhusika asijijue. Alianza na muuguzi Kyando.

"Hutapata kitu," Kyando alisema. "Nimenawa mpaka mashine ya mahudhurio imevikana vidole vyangu. Mwezi huu mimi ni mtoro."

Tumpe alimfuta kwa pamba mara moja. Mama Bupe naye, mara moja. Alipofika kwa Mama Gwamaka alitumia pamba tatu, akazizamisha kwenye nyufa za viganja.

"Wenzangu umewafuta mara moja," Mama Gwamaka alisema.

"Mikono yako ina nyufa nyingi, mama."

"Mwanangu, mimi nimelea. Mtoto akificha kitu mdomoni namjua."

Tumpe aliwatazama watoto. Chuoni alifundishwa kufuma virusi kwa siku moja. Hili hakuwahi kufundishwa.

"Bakteria wa Bupe wametoka mikononi mwako," alisema. "Mzazi wao bado anaishi humo. Tukimpata, Bupe anaweza kupona."

Mama Bupe, aliyekuwa ameketi karibu, aliinuka. Alilichukua lile kopo kitandani kwa mwanawe, akaliweka chini polepole, kama kitu cha moto.

Mama Gwamaka aliliona likishuka. Kisha akanyoosha viganja vyote viwili.

"Kwangua," alisema. "Usinionee huruma."

Mfumaji alimpata mzazi saa sita, na saa kumi jioni mlaji alikuwa tayari. Alitiwa kichwani mwa Bupe kwa mrija wa mfuko. Kesho yake asubuhi maji yalikuwa meupe, na jioni hakukuonekana bakteria hata mmoja. Keshokutwa Bupe aliwekewa mrija mpya. Alipozinduka aliitwa jina lake, akageuka.

Tumpe alimkuta Mama Gwamaka kwenye benchi nje ya wodi, mikono kaificha ndani ya kitenge.

"Bupe amenyonya, mama."

"Ndaga. Mungu ashukuriwe." Akamsogezea nafasi kwenye benchi. "Huo mtambo wako unajua nani kamzaa nani."

"Unajua."

"Basi unaweza kujua kama nilimpa Gwamaka hao bakteria mimi, au yeye ndiye aliyenipa."

Tumpe alikuwa akiliogopa swali hilo tangu juzi. Kichupa cha maji ya ubongo wa Gwamaka kilikuwa bado kwenye jokofu, na jibu lake lisingechukua hata robo saa.

"Unaweza," alisema. "Ukitaka niuulize, naenda sasa hivi."

Mama Gwamaka aliitoa mikono kwenye kitenge, akaiangalia mbele na nyuma. Ilikuwa imepakwa dawa ya zambarau mpaka kwenye viwiko.

"Niliowapaka kabla ya Bupe wako makwao na mirija yao," alisema. "Huyo mlaji atawafaa?"

"Ukoo ukiwa ule ule, atawafaa. Hata kabla hawajapata homa."

"Una kalamu?"

Alianza na mtoto wa Tukuyu aliyependa kumng'ata vidole. Akaja wa Mbozi, kisha mapacha wa Chunya, ambao mmoja tu ndiye aliyekuwa na mrija, lakini aliwapaka wote kwa kuwa yule mwingine alilia wivu. Alitaja jina la mtoto, la mama na la kijiji. Tumpe aliandika mpaka ukurasa ukajaa, akafungua mwingine.

"Na Gwamaka nimwandike?" aliuliza mwishoni.

"Mwache kwanza," alisema Mama Gwamaka. "Wangu hana haraka."