Mwanamume Asiyetoka Jasho

Ulimwengu na utege sikio! Hili ndilo penzi kuu kuliko yote yaliyopata kuchipuka ughaibuni. Lilianza kwenye foleni ya feni za bei chee.

Fundi cherehani alikuwa na wiki mbili tu katika nchi ile ya watu. Hewa ilikuwa nzito kama mvuke wa sufuria, na gauni lake la maua lilikuwa limemganda mgongoni.

"Nani alisema ng'ambo kuna baridi?" alinung'unika.

"Hata mimi walinidanganya, dada."

Aligeuka. Kijana mrefu, shati jeupe limenyooka, kavu. Kavu! Moyo ukamruka.

Mwezi haukuisha, kijana akaposa. "Jumapili nakuja kuchukua jibu, laazizi."

Alijiita karani wa ofisi, na kila jioni alikuja mkavu, viganja baridi. Mdogo wake fundi, aliyelala naye chumba kimoja, akamnong'oneza: "Dada, kuna mwanamke ana kiyoyozi."

Neno likamkaa. Akapekua mkoba wa kijana, akakuta sweta zito la sufu. Sweta, kwenye joto lile! Nani kamfumia?

Jumamosi mchana akampigia simu. "Uko wapi, mpenzi?"

"O-ofisini, kipenzi."

"Mbona meno yanagongana?"

"Ni ma-mapenzi hayo."

"Mapenzi ya nani?" Akakata simu.

Alijua mtaa wa hiyo ofisi tu. Akauzunguka, jasho likimtiririka machoni, mpaka nyuma ya soko. Mlango wa chuma ukafunguka, ukapumua ukungu mweupe. Akatoka kijana wake, sweta mwilini, glavu mikononi, kreti la samaki wa barafu begani.

"Karani wa samaki!"

"Niliona aibu. Fundi kama wewe, na mbeba samaki?"

"Na mwanamke wako je?"

"Yupi? Humu wamo jodari tu, nao hawasemi."

Fundi akajitahidi kununa, akashindwa. Akaingiza mikono yake ya moto ndani ya sweta. "Jibu ni ndiyo. Ukinidanganya tena nakufungia humo na jodari wako."

"Lakini nani alikwambia kuna mwanamke?"

Wote wawili wakageukia rundo la makreti, na miguu iliyochomoza nyuma yake.

Basi, nakiri. Miguu ni yangu, na mdogo mtu ni mimi; nilimfuata dada nyumanyuma tangu chumbani. Harufu ya samaki niliisikia tangu siku ya kwanza. Mwanamke nilimtunga, na kiyoyozi nikampa mimi. Dada akiolewa, nani atabaki nami katika kile chumba, ugenini, na joto lote lile?