Bastola Iliyokataa Kugoma

Bastola ilikutwa imelowa mafuta, na hapo ndipo utani wa mashemeji wawili ulipoanza kuingia doa.

Fundi aliikuta asubuhi juu ya meza ya chumba cha majaribio, inameta. Kazi yake na ya shemeji yake, mume wa dada yake, ilikuwa moja tu: kupima bastola za kampuni ya ulinzi, ijulikane ipi inaweza kupiga muda mrefu bila kusafishwa wala kutiwa mafuta. Walinzi ni wavivu wa kutunza silaha, na ukweli huo bosi aliujua kuliko mama zao waliowazaa. Kila bastola ilioshwa kwa petroli mwanzoni, ikakauka kabisa, na tangu hapo ikawa marufuku kuigusa kwa kitambaa, brashi au tone la mafuta. Inapigwa, inapigwa tena, mpaka masizi ya baruti yazibe silinda ishindwe kuzunguka.

"Shemeji," Fundi aliita, "umeipaka mafuta hii?"

"Mimi?" Shemeji alicheka nyuma ya kioo. "Hata kichwa changu dada yako ananinyima mafuta, ya bastola nitayatoa wapi?"

Fundi alinusa kidole chake. Hayakuwa mafuta ya mashine. Yalinuka kama mto aliolalia mgonjwa muda mrefu. Alikunja pua, akatia risasi, akaendelea na kazi.

Chumba chenyewe kilikuwa chini ya jengo, hakina dirisha, kuta za saruji, na mwisho wake magunia ya mchanga ya kupokea risasi. Mpigaji alifungiwa ndani. Mwenzake alikaa nje nyuma ya kioo kinene, wakizungumza kwa spika, na kitufe cha mlango wa chuma kilikuwa huko huko nje. Kitufe hakibonyezwi mpaka mpigaji aiweke bastola mezani, silinda wazi, mikono juu. Sheria hiyo aliitunga Fundi mwenyewe, na alikuwa mkali nayo kama mama mkwe.

Bastola nyingine ziligoma moja baada ya nyingine. Hii ya mpini wa mbao, ile iliyokutwa na mafuta, ndiyo kwanza ililainika. Kadiri masizi yalivyozidi, silinda yake ilizunguka kama imetoka kiwandani leo. Bosi aliposimuliwa kwenye simu alifurahi. "Endeleeni mpaka igome," alisema, akakata.

Aliyegoma alikuwa Fundi.

Dada yake ndiye aliyeona kwanza, siku kaka alipokuja kula kwao. Alishika glasi, na alipotaka kuiacha vidole havikufunguka. Ikabidi avichomoe kimoja kimoja kwa mkono wa pili. Kiwiko chake kililia kama bawaba. Kila tonge alilisukuma kwa maji, maana mate hakuwa nayo, na akipepesa macho, kope zake zilisikika.

"Kaka, unaumwa," Dada alisema.

"Vumbi la baruti tu. Usinizike kabla sijafa."

Hakuna aliyecheka. Dada alimvuta mumewe jikoni, akamshika ukosi wa shati. "Huyo ndiye kaka pekee niliye naye. Fanya kitu, baba, tafadhali." Alikuwa akitetemeka, na Shemeji naye aliogopa, kwa kuwa mke wake hakuwa mtu wa kutetemeka ovyo.

Mke na mume wakaenda kwa mganga, mama mmoja mnene aliyekuwa na mafua siku hiyo. Mafua au si mafua, alinusa shati la Shemeji akarudi nyuma.

"Mnalo jini," alinong'ona. "Limeingia kwenye uchafu mnaoulea kwa makusudi, na linapenda kuzunguka. Mafuta mmelinyima, basi linakamua ya mtu anayelishika. Yakiisha ndani yake, naye ameisha. Lipake mafuta, mengi. Ila ole wako uliguse kwa mkono mtupu."

Asubuhi iliyofuata Shemeji alifika na glavu na chupa ya mafuta. Kumwonyesha Fundi ile chupa ndilo lilikuwa kosa lake.

"Tone moja tu," Fundi alisema kwa sauti iliyokauka, "na jaribio lote limeharibika. Tuanze upya? Unataka tuanze upya?" Akaingia, akauvuta mlango wa chuma, ukajifunga. Fundi ni fundi, hata akiwa anakufa.

Akapiga. Silinda ikazunguka, akapiga tena, na Shemeji nyuma ya kioo akaona ngozi ya mkono wa shemeji yake inasinyaa kuelekea kwenye mpini.

"Iweke chini, shemeji."

"Siwezi."

"Fungua vidole."

"Siwezi, nakwambia! Mkono si wangu!"

Milio iliendelea, na ndipo Shemeji alipoona kwamba boksi la risasi mezani ni tupu, kwamba Fundi hajatia risasi hata moja tangu aingie, na bado mchanga unaruka kule mwisho wa chumba, na ile harufu ya mto wa mgonjwa sasa inapenya mpaka huku nje, inamkaa kooni, na kwenye spika, katikati ya mlio na mlio, sauti laini isiyo ya Fundi inasema polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto alale: "Usifungue. Sheria yenu. Mpaka niwekwe chini."

Shemeji akabonyeza kitufe. Akaweka kiti kuzuia mlango usijifunge, akavaa glavu, akaingia, akamimina chupa nzima juu ya silinda, na mafuta yakanywewa pale pale bila kudondoka hata tone sakafuni, na chuma kikabaki kikavu kama majivu, na uso wa Fundi ukazidi kulegea juu ya mifupa yake, na Shemeji, aliyempenda mtu huyu kama ndugu wa tumbo moja, akajaribu kuichomoa bastola na glavu, zilizolowa mafuta alipokuwa akimimina, zikateleza, akajaribu tena zikateleza, akazivua akazitupa, akaishika kwa mikono yake mitupu.

Ikaachia. Ilihamia kwenye kiganja chake kwa upole, kama mtu anayebadilisha kiti.

Fundi alianguka, akatambaa kwa magoti na viwiko, hakutazama nyuma. Alipopita mlangoni alikikumba kiti. Mlango ukajifunga.

Nje kulikuwa na jagi la maji. Alilinywa lote, mengine yakimwagikia kifuani, na utamu wa maji yale ulimtoa machozi. Ndipo alipoinua macho.

Shemeji alikuwa amesimama mbele ya kioo, bastola mkononi, mkono wa pili ukigonga.

"Fungua, shemeji. Kabla halijazoea. Njoo na kitambaa cha kuishikia, tusaidiane."

Fundi aliweka kidole juu ya kitufe. Kilikuwa kitufe cha kawaida, cha plastiki. Alijua kwamba akifungua itabidi aingie, na akiingia itabidi aguse. Akajiambia anapumzika kidogo, anarudisha nguvu. Lakini aliogopa, hakuna neno jingine.

Mlio wa kwanza ukasikika. Silinda ikazunguka vizuri sana.

Simu ya mezani ikalia. Alikuwa Dada.

"Kaka! Ni wewe? Sauti yako imerudi, Mungu wangu, imerudi!" Alikuwa analia kwa furaha. "Hebu nipe mume wangu nimshukuru."

Fundi alikitazama kioo. Shemeji alikuwa ameacha kugonga.

"Yuko kazini," akasema, na akaondoa kidole kwenye kitufe.