Sauti ya Kiti cha Nyuma

Siku hiyo Bonge hakukoroma. Mke mwenye akili angesimamisha gari pale pale. Mkewe alimshukuru Mungu akaongeza mwendo.

Kazi yao ilikuwa kukagua mizani za maghala na viwanda. Wenzao wa ofisini walipanda ndege, wakafika na mashati yamenyooka. Hawa wawili walikwenda kwa barabara, kwa kuwa mawe yao ya mizani, yale ya chuma, yalikuwa mazito hata gari lilipiga magoti nyuma. Ndege gani ingewabebea mzigo huo? Mke aliendesha. Mume, mwili kama godoro lililoviringishwa, alijilaza kiti cha nyuma. Na kwa sababu shingo ya mke ilikuwa ngumu tangu ajali ya zamani, na kioo kilizibwa na masanduku, walijiwekea desturi. Kila waliposimama, kabla ya kuondoka, mke aliita bila kugeuka, "Bonge, upo?" Mume akajibu, "Nipo." Gari likaondoka. Ndoa nyingine hazina hata hayo mazungumzo.

Jua lilikuwa la utosi walipojaza mafuta kwenye kituo kilichojitenga, hakuna nyumba mbele wala nyuma. Bonge akashuka kwenda chooni. Baada ya muda mlango wa nyuma ukafunguka, ukafungwa.

"Bonge, upo?"

"Nipo."

Wakaondoka. Ndipo ukimya ulipoanza. Mbele kidogo ikaja harufu ya mvua, mvua iliyogusa vumbi, na mbinguni hapakuwa na wingu hata la kufutia jasho.

"Unywe maji," mke akasema, akarudisha chupa nyuma ya bega.

Chupa ikapokewa. Vidole vilivyomgusa vilikuwa baridi.

"Asante, mke wangu mpenzi."

Mke akakodoa macho barabarani. Tangu amwoe, Bonge hajamwita mpenzi hata alipokuwa na homa.

"Umekula nini leo?"

"Nimekula maneno yako matamu."

Simu iliyobanwa karibu na usukani ikawaka. Ujumbe, namba ya Bonge: *Umeniacha. Niko kituo cha mafuta. Sauti imenipotea, hata kunong'ona siwezi. Rudi.*

"Nani huyo?" sauti ya mumewe ikauliza, karibu mno na sikio lake.

"Ofisini."

"Waambie mumeo amelala."

Akapunguza mwendo, akageuza gari taratibu, kama anayembeba mtoto aliyelala na hataki aamke.

"Mbona unarudi?"

"Nimeacha kifuniko cha tangi."

"Mimi sikioni kama kimeachwa."

"Wewe utakionaje nawe umelala?"

Kile kitu cha nyuma kikacheka, kwa kicheko cha Bonge kile kile cha tumboni, na mke akaendesha, akaendesha huku mikono ikiteleza kwenye usukani kwa jasho na mgongo ukiganda kwa baridi iliyokuwa ikipenya kwenye kiti kama maji kwenye gunia, na nyuma yake kile kitu kikawa kinaimba polepole nyimbo ambazo Bonge huimba akioga, kikikosea maneno pale pale Bonge anapokosea, na kila wimbo ulipoisha kikamwuliza kwa upole, "Mke wangu, mbona huniiti?" naye akauma ulimi asiite, kwa kuwa alikwisha kuelewa kwamba kuita ndiko kulikokipa kiti.

Kituo kikatokea. Bonge alisimama juani peke yake, mkubwa kama kabati, mdomo unafunguka na kufungika kama samaki wa kwenye beseni. Mke akafunga breki mbele yake. Bonge akachungulia kiti cha nyuma, akarudi nyuma mpaka akakaa chini.

"Shuka," mke akasema.

"Nishukie wapi? Mimi ndiye mumeo. Umeniita, nimeitika."

Hofu ilikuwa imemjaa yule mwanamke mpaka shingoni, na mwanamke akijaa hofu mpaka shingoni, kinachotoka mdomoni huwa ni hasira.

"Ah, wewe ndiye? Haya, tuelewane! Ni wewe uliyelala msibani kwa baba yangu, ukakoroma mpaka maiti akaonewa huruma?"

Mke hakungoja jibu.

"Ni wewe uliyemwambia mama yangu wali wake unafaa kuzibia nyufa? Ni wewe soksi zako zikivuliwa paka anahama? Jibu, mume wangu!"

"Siyo mimi," sauti ikasema.

"Siyo wewe?"

"Siyo mimi! Mimi sijalala msibani kwa mtu!"

"Basi kama siyo wewe, rudisha sauti ya mwenyewe, mwizi usiye na koo!"

Majini hupenda jina la mtu. Aibu zake hawazitaki. Mlango wa nyuma ukafunguka bila mkono. Gari likanyanyuka, kama lililoshusha mzigo mzito kuliko mawe yote ya mizani, na Bonge akakohoa, akatema kitu cheusi, akasema:

"Soksi zangu hazinuki."

Mke akacheka huku analia. Akamvuta ndani, kiti cha mbele, akafunga milango.

"Na wewe nawe," Bonge akanong'ona, "uje uniite kule nyuma ya choo, halafu uniache?"

"Nani kakuita? Mimi sijashuka garini."

"Sauti ilikuwa yako. Ukauliza kama nipo, nikaitika, nikahisi kitu kinang'oka kooni."

Wakatazamana. Na kule nyuma ya ukuta wa choo, sauti ya mke, laini kuliko alivyowahi kuitumia mwenyewe, ikaita:

"Bonge? Upo?"

Bonge, mtu wa mazoea, akavuta pumzi.

Mkewe akamziba mdomo kwa kiganja, akakikaza, akaendesha kwa mkono mmoja mpaka mjini.