Kisanduku cha Tantine Laurette

Katika nyumba ya Papa Valère Kalunga, karibu na stesheni ya reli mjini Kalemie, kulikuwa na sheria moja ambayo hata mtoto aliyeanza kutembea jana aliijua: aliyekosa husema mwenyewe kabla ya kuulizwa. Akisema kabla ya kuulizwa, adhabu yake ni moja. Akingoja mpaka aulizwe, adhabu ni mbili. Wala adhabu yenyewe haikuwa kiboko. Ilikuwa masufuria. Mkosaji aliyabeba mpaka ufukoni mwa ziwa, akayasugua kwa mchanga ndani na nje, kisha akayapeleka mbele ya Papa Valère. Mzee huyo, aliyekuwa fundi wa garimoshi kabla ya kustaafu, aliinua kila sufuria na kutazama kitako chake kwa makini. Asipoyaona masharubu yake yaking'aa humo, alilirudisha likasuguliwe upya.

Rosine, mjukuu wake wa miaka kumi na miwili, alikuwa amekwisha kuuonja mchanga huo mara kadhaa. Alikuwa msichana mwenye bidii. Kila asubuhi aliteka maji, akafagia uwanja, akamsaidia mama yake, Mama Florentine, kuanika ndakala, wale samaki wadogo wa ziwani, juu ya nyavu, ndipo akavaa sare yake na kwenda shule. Baba yake alikuwa kazini Manono, naye Kambo, yaani babu, kama wajukuu walivyomwita Papa Valère, ndiye aliyeishika nyumba.

Juma moja kifurushi kilifika kwa garimoshi kutoka Lubumbashi. Ndani yake mlikuwa na kisanduku cheusi, kidogo kama kipande cha sabuni, pamoja na nyaya zake na telekomandi ya kukiongozea kwa mbali. Aliyekituma ni Tantine Laurette, shangazi yake Rosine na binti wa mwisho wa Kambo, aliyekuwa amemaliza masomo ya udaktari. Jumamosi angekula kiapo mbele ya walimu wake, na sherehe hiyo ingeonyeshwa katika mtandao. Kisanduku kile, kikichomekwa kwenye televisheni na kupewa mtandao wa simu, kingeileta sherehe mpaka Kalemie. Goti la Kambo halikuweza tena safari ndefu ya reli. Bila kisanduku, asingemwona binti yake akifanywa daktari wa kwanza wa ukoo wao.

Tantine alikuwa mtu wa kufikiri mbele. Katika simu ya Mama Florentine alikuwa ameweka mega, yaani kipimo cha mtandao, za kutosha sherehe hiyo tu.

"Jumamosi Rosine ndiye atakayekiunganisha," Kambo alitangaza mbele ya wote. "Maandishi ya simu huyasoma vizuri kuliko sisi. Lakini kabla ya siku hiyo, mtu asikiguse."

Rosine alijisikia amekuwa mrefu ghafla.

Alhamisi, baada ya shule, alimkuta Michée ukumbini. Michée, mtoto wa baba yake mkubwa, alikuwa wa umri wake, na ulimi wake haukujua likizo.

"Fundi mukubwa!" alimwita. "Simu unaijua, sawa. Televisheni je? Jumamosi Mama Générose wa kwaya atakuja na waimbaji wake wote. Watakaa, watatazama kioo cheusi, na wewe utasimama pale kama nguzo."

"Ninajua," Rosine akajibu.

"Unajua nini? Hujapata hata kukishika."

Mama Florentine alikuwa ameshuka ufukoni kununua ndakala, na simu yake ilikuwa inachajiwa kwenye betri ya sola. Rosine alitazama simu, akatazama kisanduku, akamtazama Michée aliyekuwa akicheka. Angejaribu kidogo tu, akajisemea, halafu angerudisha kila kitu mahali pake.

Alichomeka waya kwenye televisheni na mwingine kwenye prizi ya umeme. Kioo kikawaka. Alichagua Kifaransa. Kisanduku kikauliza mji. Akabonyeza Kinshasa, kwa kuwa ndio uliotangulia. Akakipa mtandao wa simu ya mama yake. Kisha yakatokea maandishi marefu, na chini yake vifungo viwili: kimoja cha kukubali, kingine cha kuahirisha. Rosine hakuyasoma. Mtu anayechekwa hana subira ya kusoma. Alibonyeza kukubali, na mstari mwembamba ukaanza kutembea polepole kwenye kioo.

"Kinafanya nini?" Michée aliuliza.

"Kinajitayarisha," Rosine alisema, kana kwamba yeye ndiye aliyekiamuru.

Mstari ulitembea mpaka mwisho. Kisanduku kilizimika, kikawaka tena, kikaonyesha picha ndogo ndogo za rangi. Michée alipiga makofi, na Rosine akajivuna. Wakati huohuo simu ikalia. Ilikuwa imeandika kwamba mega zimekwisha.

Hapo ndipo Rosine alipoelewa yale maandishi marefu yalisema nini. Kisanduku kilikuwa kimeomba ruhusa ya kuvuta programu mpya, nayo programu hiyo ilikuwa imekula mega zote za Tantine Laurette.

Alikichomoa haraka, akakunja nyaya kama zilivyokuwa, akakirudisha katika karatasi yake. Mama Florentine aliporudi na beseni lake, aliitazama karatasi ile, akaona imekunjwa upande mwingine.

"Rosine, umekigusa kisanduku?"

"Hapana, Mama."

Mama Florentine alimwangalia muda mrefu, kisha akaenda kuosha ndakala.

Ijumaa ilikuwa siku ngumu. Kambo aliazima mabenchi ya kanisa. Alipiga pasi koti lake jeusi kwa pasi ya makaa, akakataa kusaidiwa. Kila aliyepita njiani aliitwa.

"Didier! Kesho usikose. Binti yangu anakula kiapo."

"Laurette yule mudogo, aliyekuwa anaogopa mbuzi?"

"Huyohuyo. Kesho ni daktari. Sasa ni mbuzi njo watamuogopa yeye."

Rosine alisikia kila neno, na kila neno lilimwingia kama mwiba. Michée alimfuata nyuma ya jiko, naye safari hii hakucheka.

"Sikiliza," alinong'ona. "Kesho ukibonyeza, picha isipokuja, sema mtandao umekufa. Hapa Kalemie, nani atabisha? Hata padri atasema pole."

Ilikuwa kweli. Hakuna mtu ambaye angebisha, wala kuuliza. Watu wangeguna, wangekula, wangerudi nyumbani. Na Kambo angevua koti lake alilolipiga pasi, akaketi kitandani, asijue kamwe kwamba mjukuu wake ndiye aliyemnyima siku ile. Rosine alimwona hivyo akilini mwake, hakuweza kuvumilia. Alipangusa mikono, akaenda moja kwa moja ukumbini, ambapo Kambo alikuwa akipaka viatu rangi na Mama Florentine akishona kifungo.

"Kambo, nimekosa. Nilikifungua kisanduku jana. Sikusoma maandishi yake. Mega zote zimekwisha, hata moja haikubaki."

Brashi ya viatu ilisimama hewani. Mama Florentine hakuinua kichwa chake.

"Kwa nini ulikifungua?" Kambo aliuliza.

"Nilitaka kuonyesha kwamba ninajua."

Mzee aliweka kiatu chini. Uso wake ulikuwa mgumu kama chuma cha reli, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimeingoja siku ya kesho tangu Laurette alipoanza shule. Umesikia?"

"Nimesikia, Kambo."

"Vema. Umesema kabla sijakuuliza. Adhabu yako ni moja, utaitumikia baada ya sherehe. Sasa futa machozi, hayageuki kuwa mega. Nani katika mtaa huu ana mtandao?"

Rosine alifikiri. "Papa Cyrille, mwenye kibanda cha fotokopi. Ana antena juu ya bati."

"Vaa viatu. Goti langu litakusindikiza, lakini mdomo utakuwa wako."

Papa Cyrille, mtu mnene mwenye kalamu sikioni, alisikiliza maneno ya Rosine mpaka mwisho. Rosine hakupunguza lolote.

"Antena yangu haifiki kwenu," alisema. "Ukuta wa stesheni unaizuia. Leteni televisheni hapa kwenye baraza."

"Na malipo?" Kambo aliuliza.

"Papa Valère, malipo gani? Nataka kiti cha mbele. Na nisikae nyuma ya kofia ya Mama Générose! Kofia ile ni mulima."

Jumamosi asubuhi televisheni ilibebwa kama sanduku la sadaka, Michée mbele, Rosine nyuma. Mabenchi yakapangwa barazani. Safari hii Rosine alisoma kila andiko kwa sauti, akimweleza Kambo maana yake kabla ya kubonyeza. Aliona saa ya kisanduku iko nyuma kwa saa nzima, akakumbuka kosa la Alhamisi.

"Kumbe kingali kimelala Kinshasa," Michée alisema, na watu wakacheka. Rosine alibadilisha mji, akaweka Lubumbashi, ambako saa ni sawa na ya Kalemie, kisha akakipa mtandao wa Papa Cyrille. Kioo kikatoa namba ya siri ya kuandikwa katika simu ya mama yake. Akaiandika taratibu, akailinganisha tena. Kilipouliza juu ya kuvuta programu nyingine, alisoma mpaka nukta ya mwisho, akabonyeza kuahirisha.

Ukumbi mkubwa ukatokea, wenye maua na viti vingi. Vijana waliovaa makoti meupe walikuwa wakiingia wawili wawili.

"Yuko wapi? Mimi simuoni," Mama Générose alilalamika chini ya kofia yake.

"Ngoja, Mama," Rosine alimjibu.

Mara picha ikakwama. Kijana mmoja alibaki na mguu mmoja juu. Rosine akahisi macho yote mgongoni mwake. Kambo alishika fimbo yake kwa nguvu. Rosine alivuta pumzi, akafungua ukurasa wa mipangilio, akasoma mistari yake mmoja mmoja, akaupata ule wa ubora wa picha. Akaushusha. Picha ikafifia kidogo, lakini mguu wa yule kijana ukakanyaga chini, na safu ikaendelea kutembea.

"Njo yeye! Ndiye huyo!" Mama Florentine akapaza sauti. "Njo Laurette!"

Jina likasomwa: Kalunga Laurette. Mwanamke mwembamba alisonga mbele, akainua mkono wa kulia, akasema maneno ya kiapo bila kusita hata mara moja. Vigelegele vilipasuka barazani hata wapita njia wakasimama. Papa Valère alikuwa amesimama wima juu ya goti lake bovu, kofia mkononi, akitikisa kichwa kwa kila neno kana kwamba yeye mwenyewe ndiye anayeapa. Masharubu yake yalikuwa yamelowa.

Baadaye watu walikula bugali na samaki, na sifa zikamgeukia Rosine. Papa Cyrille alimwita injinia. Mama Générose alitaka kumwozesha kwa mjukuu wake, akaambiwa asubiri amalize shule. Ndipo Kambo alipogonga fimbo chini.

"Mtoto huyu alikosa, nanyi mmeletwa kwenye baraza hili kwa sababu ya kosa lake. Lakini alisema kabla ya kuulizwa. Kwa hiyo adhabu yake ni moja."

Watu walipiga makofi. Rosine alitazama sahani yake. Aliisukuma kando. Akasimama.

"Kambo, si moja. Alhamisi Mama aliniuliza kama nimekigusa. Nilisema hapana."

Makofi yalikoma. Kambo alimgeukia Mama Florentine.

"Ni kweli, Papa," Mama Florentine alisema kwa upole. "Nilimuuliza. Nilikuwa namngoja."

Mzee akamwekea Rosine mkono begani. "Basi ni mbili. Masufuria ya sherehe hii, na masufuria ya jiko la parokia. Nanyi watoto wote mliopo, sikilizeni. Kuunganisha kisanduku ni elimu, na elimu hiyo ninajivunia, maana bila hiyo nisingemwona binti yangu leo. Lakini someni kabla ya kubonyeza, na msiitumie elimu yenu kwa kuringa. Zaidi ya hayo, jueni kusema kweli hata wakati watu wanapowapigia makofi. Laurette ameapa leo kwamba hatawadanganya wagonjwa wake. Nimeona kwamba katika nyumba yangu yuko mwingine anayeweza kuapa hivyo."

Jumatatu, baada ya shule, Rosine alikuwa ufukoni, mchanga umejaa kucha zake na masufuria yakiwa mlima pembeni yake. Alisikia hatua. Michée alikuja, akachuchumaa, akachukua sufuria kubwa kuliko yote.

"Nani amekutuma?" Rosine aliuliza.

"Hakuna. Nimemwambia Kambo kwamba njo mimi niliyekufundisha uongo wa mtandao." Akakunja uso. "Nimesema kabla hajaniuliza. Nina moja tu, wee una mbili."

"Basi sugua, acha hesabu."

Walisugua mpaka mabega yakauma. Jua lilipokuwa likielekea nyuma ya mji, waliyabeba masufuria mpaka uwanjani na kuyapanga mbele ya kiti cha mzee. Kambo aliinua moja baada ya jingine, akayageuza. La mwisho lilikuwa lile kubwa la parokia, lililokuwa na masizi ya miaka. Alilishika kwa mikono miwili, akalisogeza karibu na uso, akageuza kichwa kushoto, kisha kulia.

"Naona masharubu," alisema. "Deni limekwisha."