Mia na Thelathini na Mbili

"Usinitafute tena. Nina mwingine."

Fundi aliusoma ujumbe huo mara tatu, pini zikiwa bado mdomoni na gauni lake mwenyewe la harusi limetandazwa juu ya cherehani. Zilibaki wiki tatu. Akapiga simu, ikakatwa. Akapiga tena, akakuta imezimwa. Basi akatema pini, akafunga kibanda, akaenda kumwona huyo mwingine kwa macho yake.

Mchumba wake alikuwa mwoka mikate, na kule bekari walimwita Mizani kwa sababu hata sukari ya chai aliipima. Wenzake wakamwambia Fundi kwamba jamaa ana siku nne haonekani kazini. Akaenda kwao. Baba yake Mizani, mzee mpole aliyekuwa amekaa nje peke yake, aliitikia salamu kwa unyonge, akasema kijana yuko ndani, kwenye chumba cha marehemu.

Tangu mama yake Mizani afariki kwa maradhi ya figo, miaka miwili sasa, chumba hicho kilikuwa hakifunguliwi. Kila aliyepita pale ukumbini alishusha sauti bila kuambiwa.

Fundi alipoukaribia mlango akamsikia Mizani akizungumza ndani, kwa ile sauti ya chini ambayo Fundi alidhani huwekewa yeye peke yake.

"Nimeshamwambia. Hatakuja tena. Tutabaki mimi na wewe."

Akausukuma mlango.

Hapakuwa na mwanamke yeyote. Palikuwa na kitanda kilichotandikwa, kiti kimoja kando yake, pazia lililofungwa, na kandambili zilizochanwa ubavuni kwa wembe ili miguu iliyovimba ipate kuingia. Mizani alikuwa ameketi sakafuni mbele ya kandambili hizo.

"Mwingine wako ndiye huyu?"

"Nenda nyumbani."

"Nimekuuliza."

"Ananiita," alisema Mizani. "Nikipita hapo mlangoni naisikia ile mashine ya hospitali iliyokuwa inamsafisha damu. Inanguruma. Mwanzo nilidhani ni friji, nikaenda nikaichomoa."

"Ikanyamaza?"

"Haikunyamaza."

Kisha akamsogezea kopo la biskuti lililojaa karatasi za mama za hospitali. Alieleza kwamba mgongo wake mwenyewe ulimsumbua kwa muda mrefu, hofu ikamwingia, akaenda maabara ya mtaani kupima figo. Walimpa majibu wakamwambia ayapeleke kwa daktari. Yeye akayaleta humu, akayalinganisha na ya mama.

"Soma hapo penye kreatinini. Ni uchafu ambao figo zinatakiwa kuuchuja. Ukizidi kwenye damu, figo zimeshindwa. Hiyo ni ya mama, wiki aliyofariki."

"Tisa nukta nne."

"Soma yangu."

Fundi akasoma kimoyomoyo, kisha kwa sauti. "Mia na thelathini na mbili."

"Mama alikufa na tisa. Mimi ni maiti inayotembea."

Fundi alikaa kitandani. Alitaka kumpiga, akataka kumkumbatia, akaishia kulia tu.

"Na hukuniambia."

"Umemwona baba hapo nje? Alikaa miaka mitatu kwenye hicho kiti cha kando ya kitanda, kamshika mama mkono. Tulizika wawili siku ile, ila mmoja hakufukiwa. Sikutaka uwe hivyo. Bora unichukie."

"Kwa hiyo ukaamua kunipa talaka kabla ya ndoa."

Fundi alifuta machozi kwa ncha ya tepu iliyokuwa bado imening'inia shingoni, akazitazama tena zile karatasi. Jicho lake lilizoea kutafuta mshono uliokosewa, na hapa kulikuwa na kitu hakijakaa sawa.

"Hizi herufi ndogo mbele ya namba ni za nini?"

"Ni vipimo vyao tu."

"Mbona za mama na zako hazifanani?"

Mizani akainua kichwa. Fundi alimshika mkono, akamzungushia tepu kwenye kifundo.

"Huku ni inchi saba. Haya, nageuza upande wa pili. Karibu sentimita kumi na nane. Mkono wako umevimba sasa hivi?"

Mizani aliisoma tepu pande zote mbili, yeye anayepima hata sukari.

Kesho yake daktari aliwathibitishia. Maabara ya mama ilitumia kipimo kimoja na ile ya mtaani kingine, na ile mia na thelathini na mbili ukiigawa kwa themanini na nane unapata moja na nusu. Akauliza kuhusu maji; Mizani alishinda mbele ya tanuri tangu alfajiri bila kunywa hata kikombe. Akauliza kuhusu dawa za maumivu.

"Vidonge viwili asubuhi, viwili jioni. Kwa miezi minne sasa."

"Acha kuanzia leo. Hizo zinaziumiza figo."

"Kwa hiyo siumwi?"

"Sijasema hivyo. Kasi ya figo zako kuchuja damu ni sitini na mbili, na kijana kama wewe ungetakiwa kuwa kwenye tisini. Ila karatasi moja haiamui. Kunywa maji, rudi baada ya wiki mbili, tupime damu tena na mkojo. Na kwa ugonjwa wa mama yako, utapima kila mwaka."

Wiki mbili zile Mizani alilala kidogo sana. Siku ya majibu walikaa kwenye benchi la nje ya maabara, bahasha mapajani, na vidole vyake vikaanza kuichana.

"Usifungue kwanza," Fundi alisema. "Mimi naolewa Jumamosi. Na wewe, kama utakuja."

"Na kama ni mbaya?"

"Ndiyo maana nasema sasa. Ukishafungua, hutajua kama nimebaki kwa ajili yako au kwa ajili ya namba."

Mizani alilia pale pale mbele za watu. Kisha akafungua. Mia na moja. Kasi ya kuchuja themanini na sita, mkojo safi.

Walioana Jumamosi hiyo, na mzee ndiye aliyesema cherehani ya mkwewe iwekwe kwenye chumba cha marehemu, kwa kuwa kina dirisha kubwa.

Alasiri moja Mizani alirudi kutoka kazini, akapita ukumbini, akausikia mngurumo nyuma ya ule mlango. Akasimama.

"Mama?"

Mngurumo ukakoma.

"Ni mimi," mkewe aliitikia. "Ingia."

Aliingia polepole. Pazia lilikuwa wazi, na kandambili zilikuwa palepale chini ya kitanda, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuzigusa. Fundi alimpa kikombe cha maji, akamtazama mpaka akayamaliza.

"Bado unaisikia ile mashine?"

"Siku nyingine."

"Na leo?"

Mizani akaketi kwenye kiti cha baba yake.

"Leo shona kwanza," alisema. "Niisikilize cherehani yako."