Waraka Nilioutunga Mwenyewe

Nina miaka hamsini na miwili, nina shahada moja ya chuo kikuu, na nywele zangu zimebaki pembeni tu mwa kichwa. Haya ninayowasimulia, wasomaji wenzangu, yalinikuta nikiwa na miaka thelathini na mmoja... umri ambao mtu mwenye shahada hudhani amekwisha kujua kila kitu. Mke wangu ndiye aliyeniambia niyaandike. Anasema amechoka kuyasikia peke yake.

Wakati huo nilikuwa Afisa Utumishi katika kiwanda cha shirika moja la umma, kule Iyunga, Mbeya. Tulikoboa mpunga uliotoka Ubaruku. Nilikuwa na meza yenye droo nne, nyumba ya shirika, na karani mpole aitwaye Lwitiko, ambaye alipiga chapa bila kukosea herufi hata moja. Meneja wetu alikuwa mtu wa safari. Wiki hii yuko Mbeya, wiki ijayo yuko ofisi ya Iringa.

Miaka ile wafanyakazi wengi walikuwa mgambo. Kata zao ziliwaita mafunzoni, huyu wiki mbili, yule mwezi, na mashine zikabaki zimekodoa macho. Meneja akaniambia nitafute dawa. Nami nikatunga waraka.

Waraka ulisema hivi: yeyote anayeitwa na mgambo aondoke na barua iliyosainiwa na meneja kabla hajatoka getini. Barua ya baadaye haitapokelewa. Zikipita siku kumi na nne, huyo ni mtoro, na kazi yake imekwisha. Nikaumalizia kwa sentensi niliyoipenda kama mtoto wa kwanza: "Kutokuwepo ni kutokuwepo, sababu yoyote iwayo."

Niliisoma kwa sauti mara tatu. Lwitiko akaipiga chapa.

Sasa nikiri jambo ambalo sikumwambia mtu kwa miaka mingi. Katika droo ya tatu ya meza yangu kulikuwa na agizo la serikali lililosema kinyume kabisa: mfanyakazi akiitwa kulitumikia taifa, nafasi yake ilindwe. Nilikuwa nimelisoma. Nililiona halina mtindo mzuri.

Wa kwanza kunaswa alikuwa Mzee Asukile, fundi wa mashine ya kukoboa. Alikuwa anakaribia hamsini, na ujanani aliwahi kuwa askari. Kata yake ilimwita awafundishe mgambo wapya kwata kwa wiki tatu. Alikuja kuomba barua, meneja akawa Iringa. Alingoja siku mbili, kisha akaenda, maana mtu aliyezoea jeshi akiitwa haendi kuuliza meneja karudi lini.

Aliporudi nikampa barua ya kumfukuza. Aliisoma amesimama, kofia mkononi.

"Afisa," akaniuliza, "sasa mimi ningefanyaje?"

Nikamwonyesha sentensi yangu. Naam, nilimwonyesha! Hata nikaipigia mstari kwa kalamu.

Haikupita muda mrefu, vita vya Kagera vikaanza. Mimi nilikuwa likizo kwa mama yangu, Ipogolo, chini ya mji wa Iringa. Nami nilikuwa mgambo, msishangae. Fomu ya kupandishwa cheo ilikuwa na mstari unaouliza kama mtu amepata mafunzo hayo, na mimi sikupenda kuacha mstari wazi. Basi jina langu lilikuwa kwenye orodha. Asubuhi moja orodha ikasomwa, na kesho yake tukatakiwa kupanda magari.

Niliandika barua kwa meneja, mbiombio, juu ya gunia la mahindi. Lori la kiwanda chetu lilikuwa limesimama barabarani Ipogolo kupoza injini, likirudi Mbeya. Nikampa dereva. Je, niliukumbuka waraka wangu? Niliukumbuka. Nikacheka. Nikajiambia, nani atamfukuza aliyeutunga?

Sitawasimulia vita. Wako waliopigana kweli, na mimi sikuwa miongoni mwa hodari wao. Nitasema tu kwamba kambini, tulipochanganywa na mgambo wa Mbeya, nilikuta kiongozi wa kikundi chetu ni nani? Mzee Asukile. Nilitamani ardhi inimeze. Yeye akanitazama kuanzia buti hadi kofia, akasema, "Kumbe Afisa naye hutoka getini."

Miguu yangu ilichubuka siku ya pili ya mwendo. Alichukua shanta langu akalibeba juu ya lake, siku nne nzima. Kila nilipobaki nyuma alinipigia kelele mbele ya wenzangu: "Afisa! Kutokuwepo ni kutokuwepo!" Watu wakacheka bila kujua wanacheka nini. Mimi nilijua.

Tulirudi salama. Tulipokewa kwa ngoma na majani ya migomba, na mama yangu alinipaka unga usoni kwa furaha. Nikapanda basi kwenda Mbeya nikiwa bado ninanukia shangwe.

Mlinzi wa getini Iyunga alinizuia. Jina langu halikuwemo tena kwenye orodha yake. Nikamsukuma kwa maneno mpaka ofisini, na nyuma ya meza yangu yenye droo nne nikamkuta Lwitiko. Alisimama kwa heshima, akaniletea kiti cha wageni.

Barua yangu ilikuwa ndani ya faili. Haikupotea, haikufichwa. Ilikuwa imegongwa mhuri wa kupokelewa siku tatu baada ya mimi kuondoka, bila saini ya meneja.

"Kaka, usinichukie," akasema Lwitiko. "Mimi sikuandika ule waraka. Mimi nilipiga chapa tu."

Nikatoka bila kukikalia kile kiti.

Nyumbani nilimkuta mke wangu amekalia sanduku, mtoto mgongoni. Walikuwa wamepewa hadi mwisho wa mwezi kuhama nyumba ya shirika. Nilianza kumlaani Lwitiko, nikamlaani meneja. Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole, "Baba Tumaini, hiyo sentensi ya kutokuwepo, si ndiyo ile uliyonisomea hapa tukila?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nimo ndani ya chumba ambacho nilikijenga mwenyewe, na mlango sikuuweka.

Nilianza kuhangaika. Ofisi ya kazi ya Mbeya ikaniambia nilete uthibitisho wa mgambo kutoka Iringa, maana huko ndiko nilikoitwa. Iringa wakanipa karatasi ya kuonyesha kwamba nilikwenda vitani, lakini mambo ya barua za ruhusa, wakasema, ni ya Mbeya. Mbeya wakasema karatasi haielezi kwa nini sikungoja saini. Iringa wakasema jeshi halingoji saini, kila mtu anajua. Mbeya wakasema basi huyo kila mtu aje aseme. Nilipanda na kushuka njia ile mpaka makondakta wakawa wananisalimia kwa jina, na kila niliporudi siku za nyumba zilikuwa zimepungua.

Hatimaye baraza la usuluhishi likakubali kunisikiliza, mradi nilete shahidi aliyekuwa nami kambini. Nilimjua mmoja tu ambaye wangemwamini.

Nilimkuta Ubaruku, katikati ya jaruba la mtu mwingine, matope hadi magotini. Kufukuzwa kwake kulimfikisha huko, fundi wa mashine amekuwa kibarua wa kupandikiza mpunga. Nilivua viatu nikaingia majini kumfuata. Nikamweleza shida yangu. Aliendelea kupandikiza.

"Nitakuja," akasema. "Ila na langu utalisema?"

"Nitalisema, Mzee."

"Utasema na lile la droo?"

Nilishtuka. Alijuaje? Akacheka. "Wewe ukiwa na homa kule kambini ulisema mengi, Afisa. Agizo, agizo, droo ya tatu. Nikajua."

Nikaapa, nimesimama kwenye matope, kwamba nitasema yote.

Siku ya baraza alikuja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Alisimama wima akaeleza jinsi tulivyokusanywa, jinsi nisivyoweza kungoja mtu yeyote. Kila mjumbe alimwamini. Kisha mwenyekiti akashika waraka, akaugeuza huku na huku, akauliza, "Huu nani aliuandika?"

Kabla sijajibu, tukaitwa chai.

Meneja alinivuta pembeni ya jiko. Alizungumza kama mtu anayemwonea huruma ndugu yake. Akasema: "Wewe ulikuwa likizo ulipoitwa. Likizo ni ruhusa, na niliisaini mimi. Kwa hiyo uliondoka getini na saini yangu. Waraka haukugusi. Nitalisema hilo, utarudi kwenye meza yako leo hii, na nyumba ni yako. Lakini ukianza kuzungumzia waraka na maagizo yaliyofichwa, wa kwanza kufukuzwa ni aliyeyaficha..."

Nilitazama dirishani. Mke wangu alikuwa nje amesimama na mtoto. Zilibaki siku mbili tuhame.

Tuliporudi ndani meneja alisema la likizo, na wajumbe wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mwenyekiti akanigeukia. "Ndugu, una jingine la kusema?"

Mzee Asukile alikuwa kwenye benchi la nyuma. Alisogea mbele kidogo, kama mtu anayengoja jina lake liitwe.

"Hakuna, Ndugu Mwenyekiti," nikasema.

Ndiyo. Nilisema hivyo! Sauti yangu wala haikutetemeka.

Jioni ile nilikaa tena kwenye kiti changu. Mlango ukagongwa, akaingia Mzee Asukile, kofia mkononi kama siku ile ya kwanza. Nilijiandaa kwa matusi. Ningeyapokea kwa shukrani. Lakini hakuwa na tusi.

"Lori la Ubaruku linaondoka sasa hivi," akasema. "Dereva hachukui abiria bila karatasi ya ofisi yako."

Karatasi ya kwanza niliyoisaini baada ya kurudishiwa haki yangu ilikuwa hiyo: kibali cha mtu mmoja, kupanda juu ya magunia matupu, kwenda kupandikiza mpunga wa mtu. Alikishika, akakisoma mpaka chini, akakagua kama nimeweka saini. Akaondoka.

Nilikalia kiti kile miaka miwili. Hakuna mahabusu aliyelishwa vizuri kuliko mimi. Meneja alipohamishwa nilifuta waraka, nikaandika barua ya kumrudisha Mzee Asukile kazini, nikaipeleka Ubaruku mwenyewe. Aliisoma polepole, kivulini mwa ghala. Kisha akaniuliza tarehe.

"Ni ya jana, Mzee."

"Jana," akasema. "Na mimi nilitoka getini mwaka gani?" Akaikunja akanirudishia. "Barua ya baadaye haipokelewi, Afisa. Kula kwanza ndipo urudi, wali umeiva."

Nikala. Ningefanyaje?

Barua ile ninayo mpaka leo. Wasomaji wenzangu, hasa ninyi mnaokaa nyuma ya meza zenye droo nyingi: mtu aliyeitwa na nchi yake akiwajia kofia mkononi, msimwonyeshe sentensi. Fungueni droo. Na siku mkiulizwa mbele ya watu kama mna jingine la kusema, na aliyewabebea mzigo yuko benchi la nyuma... anzeni na lake. Msingoje chai.