Mkono Kwenye Distributa

Alama ya msumari ilikuwa imeachana. Jana yake Zefania alikwaruza mstari mmoja kutoka shingo ya distributa, kifaa kinachogawia plagi cheche, hadi kwenye bloku ya injini, akakaza bolti kwa nguvu zake zote, akafunga boneti. Asubuhi mstari ulikuwa vipande viwili, distributa imezunguka, na bolti ilikuwa imekaza vilevile. Umande juu ya boneti haukuwa umeguswa.

Distributa yenyewe ilikuwa ya kisasa, ya umeme, isiyo na platini. Aliifunga mtaalamu wa visima aliyekuja Iramba na hiyo pikapu. Aliringa nayo kweli kweli, kisha akarudi kwao na kuliacha gari wilayani, likapewa kijiji. Platini, zile ncha za kukatia umeme, huchakaa, na zikichakaa taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, huhama, hilo kila fundi analijua. Hii haikuwa na cha kuchakaa. Zefania, dereva na fundi wa kijiji kipya cha Ujamaa, alijikuna kichwa, akaitega upya. Angemwambia nani? Wangemuuliza amekunywa pombe ya nani.

Lakini alikuwa na sababu ya kuhangaika. Mkewe Elina alikuwa na mimba pevu. Watoto wao wa kwanza wote walikufa wakati wa kuzaliwa, na daktari wa Kiomboi alikuwa amemwambia waziwazi kwamba huyu asithubutu kumzalia nyumbani. Kutoka kijijini hadi Kiomboi ni nusu siku ya mashimo na makorongo, na gari lilikuwa hilo moja tu.

Kila asubuhi alama ilikutwa imeachana. Injini ikawa inagonga mlimani na kupiga chafya, na siku moja hendeli ya kuwashia ilirudi kinyume ikamtegua kifundo cha mkono. Mwenyekiti Samweli, ambaye aliona maadui wa Ujamaa hata kwenye mahindi yaliyodumaa, aliweka mgambo mwenye rungu alilinde gari. Kulipokucha mgambo alikutwa amekaa mbali, karibu na ghala, amejifunika blanketi hadi puani. Hakuona mtu, alisema. Alisikia tu chuma kikisagana taratibu chini ya boneti, na harufu ya kaburi linalochimbwa, udongo mbichi kabisa, wakati mvua haijanyesha tangu mavuno. Kazi hiyo apewe mwingine.

Zefania akaazima taa ya taimingi kwa fundi mwenzake wa Kiomboi. Taa hiyo hubanwa kwenye waya wa plagi ya kwanza, na huwaka na kuzimika kila cheche inaporuka, kwa kasi inayofanya puli inayozunguka ionekane imesimama, alama yake isomeke. Mchana jua huimeza, kwa hiyo alisubiri magharibi, akawasha injini, akaminya swichi. Feni ikasimama. Alama ya puli ikasimama. Na kando yake, kati ya mabati na nyaya ambako hata paka asingeenea, ukasimama mkono, mkono mkavu wa mtu mzee, una udongo kwenye kucha, umeishika distributa kwa vidole vyote, na alipoufuata kwa ule mwanga akaona bega, kisha fundo la kaniki juu ya bega, kisha uso wa kikongwe uliokuwa ukimtazama yeye bila kupepesa, kana kwamba siku zote ulikuwa humo ukizunguka pamoja na feni na leo tu ndipo ulipoonekana.

Akaiachia swichi. Feni ikaendelea kuzunguka, na hapakuwa na mtu. Harufu ya udongo ilibaki.

Uso ule aliujua. Usiku alimnong'oneza Elina, mdomo sikioni, kwamba ni Bibi Kristina. Mwaka uliotangulia, kwenye Operesheni ya kuwahamishia watu vijijini, yeye Zefania ndiye aliyewahamisha wazee kwa gari hilohilo. Walipokuwa wanaondoka, Bibi Kristina alimwomba asimamishe kidogo, ashuke akawaage wanawe waliozikwa nyuma ya nyumba. Zefania hakusimama. Betri ilikuwa imekufa, hendeli ilikuwa haijapatikana bado, na dereva mwenye betri mbovu hazimi injini wala halegezi mwendo penye mchanga ikiwa waliomo ni vikongwe watupu, maana nani atasukuma? Alimjibu bibi watarudi siku nyingine. Bibi alifia garini kabla hawajafika, wakamzika kijijini, penye udongo mgeni.

"Ungezima tu, Zefania," Elina alisema kwa sauti ndogo. "Tungekuja kuwasukuma hata sisi wanawake."

Ilimuuma kwa sababu ilikuwa kweli.

Wakaenda kwa Bibi Magdalena, aliyekaa kiti cha mbele kanisani kila Jumapili na siku nyingine akatibu yale ambayo mchungaji hayataki. Zefania alimwamkia shikamoo, akaeleza yote. Mganga aliwapeleka hadi mahame ya Bibi Kristina, kando ya barabara ya Kiomboi, akamwaga maji yenye unga kwenye makaburi ya wale watoto, akamwamuru Zefania apige magoti aombe radhi kwa jina lake na la mkewe. Aliomba mpaka machozi yakamtoka.

"Amesikia," Bibi Magdalena alisema walipoinuka. "Kama amekubali, mjukuu wangu, mimi sijui."

Tangu hapo mstari ulibaki mmoja. Harufu ikaisha. Zefania akaanza kupiga mluzi.

Uchungu ulimshika Elina asubuhi ya Jumamosi. Gari liliwaka mara moja, likapanda milima bila kugonga, mpaka lilipofika usawa wa yale mahame, ambapo lilipiga chafya likazimika. Zefania akafungua boneti. Mstari ulikuwa umeachana upana wa kidole. Akalegeza bolti, akashika distributa kuirudisha, na chini ya kiganja chake akahisi vidole vingine, vya baridi, vikiizungushia kule ilikotoka, na kila alipovuta navyo vilivuta, na jua likapanda likaanza kushuka, na barabara haikupitisha hata baiskeli, na ndani ya gari sauti ya Elina ikawa inapungua, na yeye anavuta, analia, anaahidi kila alichonacho na asichonacho, na vile vidole havikuchoka.

"Mume wangu, mwache," Elina alisema mwishowe. "Bibi ananiambia tumefika."

Alikufa kabla ya jua kuzama, na mtoto hakutoka. Zefania alipokaa tena kwenye usukani, bila kujua anafanya nini, injini iliwaka kwa kugusa tu.

Baada ya matanga Mwenyekiti alimwita. Theresia, mke wa jirani, alikuwa ameshikwa na uchungu na hali yake si nzuri. Zefania aliomba dereva mwingine; hapakuwa na mwingine. Alipofika penye mahame alipunguza mwendo na kutega sikio, akingoja igonge, akitamani igonge, ili ajue kwamba huyo mzee huwafanyia wote. Injini ilinguruma vizuri kuliko ilivyotoka kiwandani. Wakafika mapema. Theresia akajifungua salama, mtoto wa kike, na mumewe akamshika Zefania mikono yote miwili, akamshukuru kwa kulitunza gari vizuri namna ile.